Nani nembo ya Pittsburgh Pirates? Mvutano wa sanamu nne na nambari 21

MNAMO Aprili 2025, mashabiki wa timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates nchini Marekani waligundua kwamba nembo ya nambari 21 iliyokuwa kwenye ukuta wa upande wa kulia wa uwanja wao, PNC Park, ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palikuwa na tangazo la kinywaji chenye kileo.

Nambari hiyo ilivaliwa na Roberto Clemente, mzaliwa wa Puerto Rico aliyeichezea Pirates kuanzia 1955 hadi 1972, mwaka aliofariki. Lawama zilimiminika, familia ya marehemu ikalalamika hadharani, na usimamizi wa timu haukuwa na budi ila kuomba radhi na kuirejesha nembo hiyo.

Ajabu ni kwamba ukuta wenyewe ulijengwa kwa heshima ya mtu huyo huyo. Una kimo cha futi 21, takriban mita 6.4, na haukufikia kimo hicho kwa bahati: uwanja ulipofunguliwa mwaka 2001, wahandisi waliusimamisha hivyo makusudi ili ulingane na nambari ya jezi yake. Timu iliyomjengea mtu ukuta mzima ndiyo iliyokuja, miaka 24 baadaye, kuona pale nafasi ya biashara.

Kisa hicho kiliuamsha upya mjadala ambao haujawahi kulala mjini Pittsburgh: ni mchezaji yupi anayeiwakilisha vyema zaidi historia ya Pirates? Swali hili si sawa na kuuliza ni nani aliyekuwa hodari kuliko wote. Hodari hupimwa kwa takwimu, na takwimu za besiboli zimehifadhiwa tangu karne ya 19. Kuiwakilisha timu ni jambo jingine. Ni kuuliza iwapo mgeni asiyejua lolote angesimuliwa maisha ya mtu mmoja tu, ni maisha ya nani yangemfahamisha timu hii ni nini, imetoka wapi na imepitia yapi.

Pirates ni timu kongwe. Ilianza mwaka 1882 na ikajiunga na Ligi ya Kitaifa mwaka 1887. Hata jina lake, ambalo maana yake ni maharamia, lilitokana na tusi. Baada ya msimu wa 1890, timu ilimsajili mchezaji Lou Bierbauer, ambaye klabu moja ya Philadelphia iliamini kuwa ni wake, na ikashutumiwa kwa vitendo vya uharamia. Badala ya kuona haya, ikalichukua tusi hilo na kulivaa kifuani. Tangu hapo imetwaa ubingwa wa World Series, fainali inayokutanisha washindi wa ligi mbili kuu, mara tano: 1909, 1925, 1960, 1971 na 1979.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, inafaa kueleza machache. Katika besiboli, mrushaji humtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, naye hujaribu kuupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne vinavyoitwa besi. Akirejea besi ya nyumbani, timu yake hupata alama moja. Akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, huzunguka besi zote bila bughudha. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila majaribio kumi, yaani wastani wa .300, huhesabiwa kuwa gwiji. Ni mchezo ambao hata mabingwa wake hushindwa mara nyingi kuliko wanavyofaulu.

Nje ya PNC Park zimesimamishwa sanamu nne, na kila moja ni kama hoja katika mjadala huu. Ni za Honus Wagner, Roberto Clemente, Willie Stargell na Bill Mazeroski.

Tuanze na aliye rahisi kumtoa, ingawa mashabiki wa makamo mjini humo hawatapenda kusikia hivyo. Mazeroski aliichezea Pirates peke yake tangu 1956 hadi 1972, akilinda besi ya pili kwa ustadi uliomtunukia tuzo ya Glavu ya Dhahabu mara 8. Kwa gongo alikuwa mtu wa kawaida, wastani wake ukiwa .260. Hata hivyo, mnamo Oktoba 13, 1960, katika mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali dhidi ya New York Yankees, alama zikiwa 9-9 katika awamu ya tisa, aliupiga mpira ukapita juu ya ukuta wa uwanja wa zamani wa Forbes Field. Pirates wakashinda 10-9. Katika michezo hiyo saba Yankees walikuwa wamefunga jumla ya alama 55 dhidi ya 27 za Pirates, na bado wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Hakuna pigo linalopendwa kuliko hilo katika jiji hilo. Lakini pigo moja, hata likiwa tamu namna gani, ni siku moja. Haliwezi kubeba zaidi ya karne nzima.

Stargell ana hoja nzito zaidi. Alipiga mipigo 475 ya kuvuka ukuta, yote akiwa na jezi ya Pirates, kati ya 1962 na 1982. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 39, alikuwa nahodha wa kikosi kilichojiita familia na kuufanya wimbo wa kundi la Sister Sledge kuwa wake. Wachezaji wenzake walimwita Pops, yaani Baba, naye aliwatunuku nyota za kushonea kwenye kofia kila walipofanya jambo la kusifika. Katika fainali ya mwaka huo Pirates walikuwa nyuma kwa mchezo 1 dhidi ya 3 mbele ya Baltimore Orioles, wakashinda mitatu iliyofuata, na ni Stargell aliyeupiga mpira ukavuka ukuta katika mchezo wa saba na kuitanguliza timu yake. Alifariki Aprili 9, 2001, siku ile ile ambayo PNC Park iliandaa mchezo wake wa kwanza wa msimu. Sanamu yake ilikuwa imezinduliwa siku mbili tu kabla.

Huo ndio ubingwa wa mwisho wa Pirates hadi leo. Viwanda vya chuma vilivyoijenga Pittsburgh vilifungwa kimoja baada ya kingine katika miaka ya themanini, na timu nayo ikadidimia. Barry Bonds, aliyekuwa Mchezaji Bora wa ligi mwaka 1990 na 1992, aliondoka kuelekea San Francisco. Kuanzia 1993 hadi 2012, Pirates walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamepoteza michezo mingi kuliko waliyoshinda. Andrew McCutchen ndiye aliyewaondoa katika aibu hiyo mwaka 2013, akatawazwa Mchezaji Bora, akauzwa Januari 2018, kisha akarejea mwaka 2023. Kijana wa leo mjini Pittsburgh akimtaja McCutchen kuwa ndiye nembo ya timu, hakosei sana, maana hiyo ndiyo historia aliyoishi yeye. Lakini ni sura moja ya kitabu kirefu.

Kwa hivyo kinyang'anyiro halisi ni baina ya wawili: Wagner na Clemente.

Wanaomtetea Wagner wana kila sababu ya kutembea kifua mbele. Alizaliwa mwaka 1874 katika kitongoji cha wachimba migodi karibu na Pittsburgh, mwana wa wahamiaji kutoka Ujerumani, na akiwa mvulana wa miaka 12 alikuwa tayari akifanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe. Alianza besiboli ya ngazi ya juu mjini Louisville mwaka 1897, na aliporudi nyumbani mwaka 1900 kuichezea Pirates, hakuondoka tena hadi alipostaafu mwaka 1917. Alitwaa taji la mpigaji bora wa ligi mara 8, akapata mipigo halali zaidi ya 3,400 na kuiba besi zaidi ya mara 700, yaani kukimbilia besi inayofuata kabla walinzi hawajawahi kumzuia. Haya yote aliyafanya akilinda nafasi iliyo baina ya besi ya pili na ya tatu, ambayo ni ngumu kuliko nyingi uwanjani.

Mwaka 1909 Pirates walikutana na Detroit Tigers katika fainali, na magazeti yaliitangaza kuwa pambano baina ya Wagner na Ty Cobb, mpigaji hatari wa Detroit. Wagner, aliyekuwa na umri wa miaka 35, alimaliza na wastani wa .333 huku Cobb akiambulia .231. Pirates wakatwaa ubingwa wao wa kwanza. Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli ulipochagua watu wake watano wa kwanza mwaka 1936, Wagner alikuwa miongoni mwao, akiwa na kura sawa na za Babe Ruth.

Jina lake limekuwa maarufu hata kwa wasiojua besiboli kwa sababu ya kikaratasi. Picha yake iliyotolewa pamoja na sigara kati ya 1909 na 1911 ilisitishwa mapema, ikabaki nadra mno, na mwaka 2022 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 7. Ni kejeli kwamba mtoto wa mgodini amekuwa bidhaa ya matajiri.

Ukimpima kwa takwimu pekee, Wagner anashinda. Tena ni mwana wa pale pale. Alirudi kuifunza timu tangu miaka ya thelathini hadi mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nambari 33 iliyostaafishwa kwa heshima yake aliivaa akiwa mkufunzi, kwa kuwa enzi alizocheza jezi hazikuwa na nambari.

Mbona basi asiwe yeye? Jibu halimo katika alichokifanya, limo katika ligi aliyoichezea. Katika miaka yote ya Wagner uwanjani, ligi kuu zilikuwa zimemfungia mlango mtu mweusi. Na Pittsburgh, kuliko miji mingi, ilijua gharama ya mlango huo. Josh Gibson, mmojawapo wa wapigaji wakubwa waliowahi kuishi, alikulia na kucheza katika jiji hilo kwa timu za watu weusi, Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Hakupata kuivaa jezi ya Pirates. Alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi michache kabla Jackie Robinson hajauvunja ubaguzi huo akiwa na Brooklyn Dodgers. Takwimu za ligi za watu weusi zilipojumuishwa rasmi katika kumbukumbu za ligi kuu mwaka 2024, jina la Gibson lilipanda hadi kileleni katika orodha ya wastani wa upigaji, kwa .372, akimpiku Cobb. Yawezekana kwamba mjadala huu wote ungekuwa na jibu jepesi kama Pirates wangemsajili. Hawakumsajili. Mchezaji wao wa kwanza mweusi, Curt Roberts, aliingia uwanjani mwaka 1954.

Mwaka uliofuata ndipo alipofika Clemente. Dodgers walikuwa wamemsajili na kumweka katika timu yao ya chini mjini Montreal. Pirates wakatumia kanuni iliyoruhusu mchezaji wa namna hiyo kuchukuliwa na timu nyingine, wakampata Novemba 1954. Alicheza mchezo wake wa kwanza Aprili 17, 1955. Siku chache baadaye, Aprili hiyo hiyo, sanamu ya Wagner ilizinduliwa karibu na Forbes Field. Wagner mwenyewe, akiwa mzee na dhaifu, alifariki Desemba mwaka huo. Mmoja aliondoka mwenzake akiingia.

Mapokezi hayakuwa ya shujaa. Clemente alikuwa mweusi na alizungumza Kihispania, na waandishi wengi wa michezo hawakujua la kufanya na mtu wa namna hiyo. Waliyanukuu maneno yake jinsi walivyoyasikia matamshi yake, ili wasomaji wacheke. Walimwita Bob, na kadi za wachezaji zikachapishwa kwa jina hilo ingawa alisisitiza kwamba anaitwa Roberto. Alipolalamika kuhusu maumivu ya mgongo, wakamwita mvivu wa kujisingizia ugonjwa. Mwaka 1960, baada ya ubingwa, alishika nafasi ya nane katika kura za Mchezaji Bora wa ligi, jambo lililomkera kwa miaka mingi.

Uwanjani alijibu. Alitwaa taji la mpigaji bora mara 4, Glavu ya Dhahabu mara 12 na tuzo ya Mchezaji Bora mwaka 1966. Kutoka pembe ya mbali kabisa ya upande wa kulia, mkono wake uliweza kurusha mpira hadi besi ya tatu ukafika kabla ya mkimbiaji. Alicheza fainali mbili, ya 1960 na ya 1971, jumla ya michezo 14, na hakuna hata mmoja aliotoka bila mpigo halali. Katika ile ya 1971 dhidi ya Baltimore alikuwa na wastani wa .414 na akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Kamera za televisheni zilipomwelekea baada ya ushindi huo, kabla ya kusema neno lolote kwa Kiingereza aliomba kuzungumza na wazazi wake, akawaomba baraka kwa Kihispania, mbele ya Marekani nzima.

Wiki chache kabla ya fainali hiyo, Septemba 1, 1971, kocha Danny Murtaugh aliandika orodha ya wachezaji tisa wa kuanza dhidi ya Philadelphia Phillies. Wote tisa walikuwa weusi au Walatino, na Clemente na Stargell walikuwa miongoni mwao. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea katika ligi kuu. Pirates walishinda 10-7. Timu ya jiji ambalo Gibson alifia nje ya lango ilikuwa imefika hapo katika miaka 24, na mtu aliyekuwepo karibu njia yote hiyo, kuanzia msimu uliomfuata Roberts hadi usiku huo, ni Clemente.

Mnamo Septemba 30, 1972 alipata mpigo wake halali wa 3,000, dhidi ya mrushaji Jon Matlack wa New York Mets. Ukawa wa mwisho wake katika msimu wa kawaida. Desemba 23 mwaka huo tetemeko la ardhi liliuharibu mji wa Managua, Nicaragua. Clemente aliongoza uchangishaji wa misaada nchini Puerto Rico, na aliposikia kwamba shehena zilizotangulia zilikuwa zikiporwa na watu wa serikali ya Somoza, aliamua kwenda mwenyewe akiamini hakuna ambaye angethubutu kumwibia akiwa pale. Ndege kuukuu iliyopakiwa kupita kiasi ilipaa kutoka San Juan usiku wa Desemba 31 na kuanguka baharini muda mfupi baadaye. Mwili wake haukupatikana. Manny Sanguillén, aliyekuwa mdakaji wa Pirates, hakuhudhuria ibada ya kumkumbuka. Alikuwa majini pamoja na wapiga mbizi akimtafuta.

Wapo wanaodai kwamba ni kifo hicho kilichompandisha Clemente juu ya Wagner, na kwamba angezeeka kama wengine, heshima yake ingekuwa ya kawaida. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Kifo cha namna ile humtakasa mtu, na leo ni vigumu kumpata mkazi wa Pittsburgh anayekiri kwamba familia yake ilimwita Bob. Lakini mipigo 3,000, glavu 12 na fainali mbili vilikuwepo kabla ya ndege ile kupaa. Tena wanaosema hivyo husahau kwamba safari yenyewe haikuwa ajali ya maisha yake. Ilitokana na tabia ambayo wenzake walikuwa wameifahamu kwa miaka 18.

Kwa hesabu ya michezo, wawili hao karibu hawatofautiani: kila mmoja aliichezea Pirates takriban mara 2,430. Tofauti ni kwamba maisha ya Wagner yanasimulia nusu ya timu, ile ya migodi, wahamiaji wa Ulaya na ubingwa wa kwanza. Ya Clemente yanasimulia nusu ya pili na pia yanaifichua ile ya kwanza, kwa kuwa huwezi kueleza kwa nini kufika kwake kulikuwa kuzito bila kutaja nani walizuiwa kabla yake. Ndani yake umo ushindi wa timu na umo pia usumbufu ambao timu na magazeti yake yalimsababishia. Anayetaka nembo isiyo na doa amchague Wagner. Anayetaka historia amchague Clemente.

Wenye mamlaka katika besiboli wamekwenda nusu njia. Tuzo ya kila mwaka kwa mchezaji anayehudumia jamii inaitwa kwa jina la Clemente tangu 1973, na daraja linalovusha mashabiki kuelekea PNC Park lina jina lake. Nambari 42 ya Jackie Robinson ilistaafishwa katika timu zote mwaka 1997. Ombi la kufanya vivyo hivyo kwa nambari 21 limetolewa mara kadhaa na halijakubaliwa.

Ukumbi wa Mashujaa uliweka kando kanuni ya kusubiri miaka mitano na kumchagua mapema mwaka 1973. Bamba lake la shaba lilipotundikwa Cooperstown, liliandikwa Roberto Walker Clemente. Walker ni jina la ukoo wa mama yake, na kwa desturi ya Kihispania hutajwa mwisho. Kosa hilo lilikaa ukutani kwa miaka 27. Mwaka 2000 bamba jipya lilitengenezwa, likasomeka Roberto Clemente Walker.